Kipimo cha Fundi Foibe

Usiniulize nina futi ngapi.
Muulize seremala wa Chang'ombe aliyeniongezea kitanda
ubao wa mkaratusi, upande wa miguuni;
rangi haijafanana mpaka leo.
Uulize mlango wa benki pale Uhindini.
Paji langu linaujua.

Miaka yote nimeendesha Swala ya baba,
siti imevutwa juu mpaka bomba likaonyesha kutu yake ya ndani,
magoti yakigonga usukani kila kona
kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.
Tambarare ya Bahi haina neno na mtu.
Lakini mimi nilitaka kilima.
Nilitaka kile cha nyuma ya Ntyuka,
njia ya mbuzi, mawe yamekaa kama meno ya ng'ombe mzee,
changarawe, mizizi, miiba ya migunga,
nishuke mpaka chini bila kutia mguu.

Pesa ya zabibu ilipotoka
nikaenda Majengo, nyuma ya soko,
kwa Foibe Mlewa,
mwanamke mfupi, grisi hadi viwikoni.
Nikasema: nipe kubwa, yenye siti ndefu.
Akacheka mpaka akaweka spana chini.

"Siti? Mteremkoni siti ni ya nani?
Kushuka ni kusimama, baba.
Siti unaizamisha, unaisahau.
Nionyeshe mikono yako inafika wapi
ukiwa juu ya pedeli, umeinama, unaogopa."

Akanipandisha kwenye kreti mbili za soda.
"Ogopa!" Nikaogopa.
Akanipima kwa kamba ya katani,
toka unyayo hadi kitovu,
toka kitovu hadi ngumi,
akafunga fundo, akafunga jingine,
watoto wa jirani wakihesabu kwa sauti
mpaka namba zikawaishia.

Nyekundu, ile iliyoniita toka mlangoni,
akaisukuma kando kwa mguu.
"Fupi. Ukishika breki ya mbele
yenyewe itabaki, wewe utaendelea na safari.
Mtu mrefu ni gunia lililofungwa juu ya gunia."
Ya bluu, springi zake laini:
kilo mia na tatu zingeikalia
kama godoro la gesti.
Ya tatu nzuri, sina la kusema. Breki za waya.
Foibe alinitazama tu.

Kisha akatazama juu, kwenye kenchi.
Ilining'inia pale, kijani cha majani yaliyofia juani,
fremu ndefu kama ngazi, magurudumu makubwa,
mkwaruzo mmoja kwenye diski ya nyuma.
Ilitoka kwenye kontena la mtumba, mwaka wa tatu sasa,
na kila aliyeipanda alibaki akichezesha miguu hewani.
Nikangoja aseme ilikuwa ikinisubiri mimi.
Akasema: "Inanimalizia msumari. Laki nne na nusu."

Tulibishana hadi adhana ya alasiri.
Laki tatu na themanini, na kamba ibaki kwake.

Jumamosi, juu ya Ntyuka, upepo ule wetu
usiojua kupumzika.
Mabati ya mji yanamemetameta mbali kule,
treni inakata nyika bila moshi.
Siti chini. Viwiko nje.
Magoti, kwa mara ya kwanza, hayana wa kumgonga.

Jiwe.
Jiwe.
Kona ya mgunga, tawi likanipita juu ya kofia,
juu!
Sijawahi kuwa mfupi kiasi kile,
wala kuwa na nafasi kiasi kile.

Nilianguka korongoni, kwenye mchanga,
kwa urefu wangu wote.

Foibe, aliyekuja, alisema, kuangalia breki zake tu,
hakuniuliza kama nimeumia.
Alitoa kamba mfukoni,
akapima alama yangu mchangani, unyayo hadi ngumi.
Fundo likapungukiwa vidole vinne.

"Majengo nilikupima uoga wa kwenye kreti," akasema,
akifungua fundo kwa meno.
"Lala hapo hapo. Usisogee."