Kuni za Jana

Mihayo, juzi gulioni uliniona, ukageukia nyanya,
ukazitomasa moja moja, hununui.
Nilijua. Mimi pia nimewahi kuchagua nyanya namna hiyo
siku nesi Gaudensia alipopita na baiskeli yake.

Leo umekuja usiku, unasema unaomba kiberiti.
Siku ngapi? Tatu? Wiki?
Usinijibu. Keti hapo kwenye gogo.
Bani halitaki kuachwa,
nami huzungumza vizuri nikitazama moto.

Nikuambie ya Mpanda.
Mama mkwe alifariki, nikapanda treni pale Kaliua,
kopo ndani ya khanga, khanga ndani ya mkoba,
pamba nimeishindilia shingoni mwa kopo
vidonge visilie njiani kama njuga.
Tulilala wanawake kumi na mmoja chumba kimoja.
Inafika saa tatu usiku, saa yangu:
huyu ananyonyesha, yule anasali,
wifi Nyanzala yu macho, anahesabu rambirambi.
Nikasema, kesho.
Kesho ikaja na watu walewale.
Siku nne, Mihayo. Dawa iko chini ya kichwa changu,
naisikia kwa shavu,
siigusi.

Kliniki nikasema: sijaruka hata kimoja.
Gaudensia akamwaga kopo kwenye sahani, akahesabu,
akatazama kalenda.
Vinne vikabaki pembeni
kama watoto waliorudishwa ada.
Nikangoja anichape kwa maneno.
Akasema, "Pole na msiba."
Halafu akaniuliza:
"Ulilala upande gani wa chumba?"

Ukutani, nikamwambia. Mbali na mlango.
"Basi safari nyingine lala mlangoni.
Kidonge cha usiku mmoja funga kwenye pindo la khanga, penye hela.
Saa yako ikifika, toka nje.
Nani humuuliza mwanamke fundo lake lina nini?"

Kisha mwaka huu, Februari, bani hilihili.
Mvua ikaingia tanurini,
majani ndiyo kwanza yanageuka njano.
Nikahangaika na kuni mbichi, moshi, machozi,
saa tatu ikanipita kama mgeni asiyebisha hodi.
Nikakumbuka alfajiri, majivu hadi viwikoni.
Wazo la kwanza: nimeze viwili kwa mpigo. Deni ni deni.

Nikatazama tanuri.
Wewe umekulia kwenye tumbaku, niambie:
moto ukizimika usiku, asubuhi unarundika
kuni za jana juu ya kuni za leo?
Jani linababuka, linakuwa jeusi,
mteuzi analitupa chini bila kulinusa.
Unawasha. Kipimo kilekile.
Unachungulia kipimajoto, unakaa.

Nikanawa, nikameza kimoja pale pale nilipokumbuka.
Usiku, saa tatu, nikameza cha usiku.
Kuni za jana nikaziacha jana.

Sisemi si kitu. Moto ukizimika siku nyingi
jani huoza kwenye fito, na wewe umelala.
Virusi haviendi msibani,
havina gulio, havinyeshewi.
Baada ya Mpanda damu yangu ilipelekwa kupimwa,
na wiki zile za kungoja jibu
nilikonda kuliko nilipokuwa mgonjwa.
Jibu lilirudi zuri. Lingeweza kurudi vingine.

Alhamisi ni siku ya kliniki. Baiskeli yangu ina keria imara;
wakiuliza, sema unanisindikiza kuchukua mbolea.
Lete kopo lako. Vilivyobaki usivitupe chooni
ili hesabu ikae sawa.
Nilishaliwaza hilo kabla yako, nikafika hadi mlangoni mwa choo.

Sasa sukuma lile gogo ndani, kidogo,
hapo.
Saa tatu kasoro.
Nipe jagi la maji. Geuka ukitaka.
Au usigeuke.