Nyama Saf

Bucha la Shekivuli, Barabara ya Kumi na Mbili,
lina bango langu, mwezi wa tatu sasa:
NYAMA SA
Watu wanasoma, wanacheka, wananunua maini.
Mimi napita upande wa pili, baiskeli mbio.

Nyumbani husema: huyu anataka kila kitu
kinyooke kama rula.
Nikalivaa jina hilo kama koti la Idi.
Afadhali mpenda ukamilifu kuliko mzembe.
Na ushahidi ninao: F ile niliichora kwa chaki
mara kumi na moja, nikaifuta kwa kiwiko,
shati ninalo bado, jeupe mkono mmoja.

Bombo, chumba cha karibu na ngazi,
Bi Semhando hakuuliza habari za F.
Aliuliza: "Uliposhuka ngazi siku ile,
ulikuwa unakwenda wapi?"

Kuleta tapentaini.
Njiani nikakuta redio ya jirani iko wazi tumboni,
nikashika bisibisi.
Magharibi nikakumbuka brashi:
imekauka, mkia wa panya.

"Basi F haikukushinda."
"Haikunishinda. Niliisahau."
Nikanyamaza. Miaka arobaini na mbili
sijawahi kulitamka hilo bila kuapa.

Akasema yupo anayeganda mbele ya kazi,
hofu imemfunga miguu, haondoki.
Yupo anayeondoka
asijue kama ameondoka.
"Na yupo anayerudi, akaona aibu,
aibu ikamkabidhi rula.
Wewe rula yako ulipewa lini?"

Darasa la nne. Daftari la tatu kupotea.
Tangu siku hiyo napapasa mfuko mara tatu,
ufunguo mara tatu, jiko narudi kulitazama
nikiwa nimeshafika kona.
Nilidhani ni unadhifu.
Kumbe namlinda mtu nisiyemwamini,
na mtu huyo analala kitandani mwangu.

"Tutapima kwanza," akasema,
"usijiandikie bango."
Akaniandikia tarehe ya kurudi. Karatasi hiyo
niliitafuta jioni nzima; ilikuwa ndani ya kofia.

Jana nikapanda ngazi bila chaki.
F imetoka imeinama kidogo,
kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikaiacha.
Halafu rangi nyekundu ikaisha,
nikashuka kwenda kununua kopo,
na njiani, wallahi, kulikuwa na mtu
anafungua pampu ya maji.

Shekivuli ametoka na kisu mkononi, anasoma kwa sauti:
"Nyama saf."
Anatikisa kichwa. "Inakaribia."