Milimita Sifuri

Saa kumi na mbili kasorobo, studio ya chuo,
ghorofa ya pili, kiyoyozi kibovu,
napaka poda juu ya vumbi la Dodoma
na kusimama mbele ya ramani.

Nyanda za kati: mawingu kiasi.
Nasema "uwezekano", nasema "asilimia thelathini",
na kule Bahi, dukani kwa Ndahani mwenye sola,
mama yangu anasikia "mvua".

Alhamisi ile alipanda uwele.
Debe zima, mbegu ya akiba.
Jumapili nikapanda ngazi kusoma kipimamvua:
nzi mmoja, mkavu.
Nikatangaza milimita sifuri
kwa sauti ileile niliyofundishwa.

Hakunilaumu. Alipiga simu kuuliza
mbona nimekonda, nani kanisuka hovyo,
kisha akasema: hiyo ramani yako siitazami tena.
Mwambie mpiga picha asogee kidogo,
nilione dirisha lililo nyuma yako,
nijue upepo unainamisha migunga upande gani.

Nimemwambia Mbeleje. Kasogea.
Tangu juzi bega langu la kushoto halionekani,
na mkurugenzi bado hajauliza.