Kundi la Maji

Kila Jumanne, Akureyri, theluji ikiziba dirisha,
Ragnhildur alibana nyama ya tumbo, akajidunga.
Wiki sitini na nane.
Kichefuchefu alikiandika daftarini kwa penseli,
na siku alizoshindwa kumaliza samaki.

Mizani ya bafuni haikusogea.

Daktari alipoifungua bahasha, akasoma:
maji ya chumvi. Basi.
“Na kichefuchefu je?”
“Hicho kilikuwa chako mwenyewe.”

Akacheka hadi miwani ikamdondoka.
Kisha akamkumbuka Sigfus wa kiti cha tatu:
suruali ilimpwaya, sukari ikashuka,
halafu mawe ya nyongo yakamlaza wodini.

“Bila wewe,” daktari akasema, “tungejuaje
lipi la dawa, lipi la mtu?”

Jumanne iliyofuata
mkono ulikwenda tumboni wenyewe,
ukabana,
ukangoja.