Daftari la Wagida

Mwezi wa Tuba barsimu hubaki na umande hadi adhuhuri.
Nagonga shina mara tatu juu ya kitambaa cheupe:
kibibi mmoja, mgongo mwekundu kama muhuri wa posta,
buibui wawili,
na mmoja nisiyemjua jina.
Naandika. Kidole kimekufa ganzi juu ya kalamu.
Kituo cha utafiti hulipa kwa siku, si kwa mdudu;
laiti wangelipa kwa mdudu,
Baramhat ningenunua nyati wa maziwa!

Maana Baramhat kunde za fuli zinapochanua,
vidukari hugandamana shinani kama masizi ya sufuria,
na nyuma yao hao wanakuja:
watoto wa vibibi, weusi, wabaya wa sura,
mamba waliochongwa na mtoto mvivu;
mbawa-kimia wenye macho ya dhahabu.
Thelathini na nane, arobaini, nimepotea, naanza upya.

Bashans ngano hukauka.
Wageni huondoka bila kuaga, kama vibarua waliokwisha kulipwa.
Safu yangu ya ngano: kumi na tisa, nne, sifuri.
Jirani yetu Shehata asema wamekufa,
na tayari ana pampu ya dawa mgongoni,
pamba yake ina majani manne tu.

Hawakufa. Niliwaona
jioni ya mkato wa mwisho wa barsimu:
mundu wa shemeji ukienda shwa, shwa,
wao wakapanda ncha za majani yaliyosalia,
wakapasua migongo, wakatoa mbawa zilizokunjamana,
wakavuka mfereji kuelekea pamba.

Nikamwambia, Metwali, niachie ukanda mmoja,
upana wa shuka.
“Na nyati ale nini? Hesabu zako?”
Akacheka, akaendelea kukata.
Giza lilipoingia, ukanda ulikuwa bado umesimama.
Kesho yake alisema mundu umekuwa butu.
Mundu ule niliunoa mimi mwenyewe.

Bauna. Joto linachoma nyayo.
Kwa Shehata nagonga shina:
nzi weupe wanafumuka kama unga,
na kitambaani hakuna wa kuwala.
Sifuri. Sifuri.
Kwetu, mstari wa tatu kutoka kwenye ukanda: saba.

Saba si jeshi.
Naandika saba,
siongezi hata mmoja,
ingawa mkono ulitaka.