Mdeki

Afande, tangazo nimelisoma.
Limebandikwa ofisi ya kijiji, Muhange,
juu ya ratiba ya chanjo ya ng'ombe,
kona moja imeshaliwa na mchwa.
Linasema raia abaki na gobore,
na zile zinazojipakia zenyewe
zirudishwe kituoni kabla mwezi haujaisha.

Nimekuja. Bunduki sikuja nayo.
Nimekuja na huu mdeki.

Ushike. Ni ufito wa chuma tu,
urefu wa fimbo ya kuchungia.
Mimina baruti, sindilia.
Tia kitambaa, sindilia.
Tia gololi, sindilia.
Pachika fataki, inua, bana pumzi.
Baba yangu, Ntibahezwa, mwinda ngiri,
aliyamaliza yote hayo kwa Baba Yetu moja
na Salamu Maria nusu.
Kijiji kizima hakuna aliyemfikia.

Waliokuja usiku ule, maharage yakiwa bado uwanjani,
walikuwa wanne.
Hawakuwa na mdeki.
Walikuwa na zile zilizovuka mpaka bila karatasi,
zisizojua kusoma tangazo.

Baba alipiga ya kwanza. Mmoja akalala.
Kisha: Baba Yetu uliye mbinguni…
Alifika "utupe leo".

Tulimkuta na mdeki ndani ya mtutu,
kama mtu aliyekuwa akikoroga uji
akaitwa mlangoni.

Nilipiga simu. Si kwako, kwa aliyekutangulia.
Alipokea, sitamsingizia, tena kwa adabu.
Akasema gari lipo, dizeli ndiyo haipo,
changeni lita ishirini tuje.
Mlifika saa nne asubuhi.
Mliandika vizuri. Mwandiko safi.

Ndipo nikauza ng'ombe watatu.
Nikajaza fomu, nikachovya vidole vyote kumi,
barua ya mtendaji, barua ya daktari kwamba sina kichaa,
nikanunua hiyo mnayoitaka.
Mwaka wa sita huu. Haijaua hata kanga.
Imelala sandukuni, ufunguo uko shingoni mwangu
umejisokota na rozari.
Wanaojua ipo, wanajua ipo.
Kazi yake ndiyo hiyo.

Usinikumbushe mtoto wa Ruhuza.
Mimi ndiye niliyemwosha.
Aliokota gobore la mjomba wake uvunguni.
Gobore, afande. Lile mnaloturuhusu.
Tangu siku ile silali
bila kuugusa ufunguo mara mbili.
Sisemi chuma hakina dhambi.
Nasema chuma kimeshajaa porini,
na mkono mnaoufunga
ni ule tu uliojiandikisha.

Mnauliza, nani ana haja ya risasi nyingi?
Yule ambaye ya kwanza imekosa.
Yule ambaye wao ni wanne
naye ni mmoja, na wanawe watatu nyuma ya pipa la maji.
Mwanamke ambaye mikono inamtetemeka,
asiyejua kusali haraka.

Basi andika: Nyanzobe wa Ntibahezwa amefika,
amesalimisha mdeki mmoja, hali yake nzuri.
Uwekee namba, uutie ghalani.
Na siku utakapokuwa na dizeli,
si ya leo tu, ya kila usiku,
kiangazi na masika ile barabara ikiwa tope tupu,
nipigie.
Nitaileta mwenyewe, kwa miguu,
pamoja na ufunguo.
Rozari nitabaki nayo.