Vizibo vya Masikio

Kazi yangu ni mlangoni: kugonga muhuri viganjani,
kugawa vizibo vya masikio, viwili viwili, bure.
Sapporo, Februari. Theluji imezika matairi.
Chini ya ngazi bendi ya watu watatu inachomeka nyaya,
na Bi Shigeno, miaka sitini na mmoja,
anapanga mezani springi, redio isiyo na mfuniko,
kopo la biskuti.
Mazoezi hawakufanya. Waliinamiana tu, basi.

Gitaa la Tetsuro likashuka
kama kabati la chuma linaloburutwa ghorofa ya juu
na watu wasio na haraka.
Ngoma zikahesabu nne, nne, nne.
Shigeno hakuhesabu. Alikuna kopo kwa ukucha,
ukuta ukashikwa na homa.
Debe tupu haliachi kuvuma:
aliyesema hivyo alidhani anatukana.

Kama nusu saa hivi, amplifaya ya Tetsuro ikafa.
Pu! Harufu ya waya ulioungua.
Akabaki amekumbatia gitaa
kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake.
Shigeno akainuka, akabandika maikrofoni ndogo
juu ya maiti ile, akapapasa, akapata
mvumo mwembamba, wa nzi ndani ya chupa.
Akaulea. Ukaota meno.
Tetsuro akacheka, akacharaza nyuzi zisizotoa kitu,
na naapa nilizisikia.

Vyangu nilishavivua zamani.
Sasa nafagia vya wenzangu, manjano, kama punje za mahindi.
Nje theluji imenyamaza.
Mimi bado.